Kabla hujagawa kadi za harusi ya Mikumi

Juzi msomaji mmoja ameniandikia: "Dada, mimi na mchumba wangu tumeamua sherehe yetu ifanyike ndani ya Hifadhi ya Mikumi mwezi wa nane. Wageni wanatoka Dar, Iringa, na wengine nje ya nchi. Tuwaambie nini?" Nimefurahi sana kuulizwa, kwa sababu kamati nyingi za harusi huzungumzia mapambo, keki na MC mpaka usiku wa manane, halafu mgeni anabaki na kadi nzuri isiyomwambia chochote.

Mdogo wangu wa kike alifunga ndoa kanisani Morogoro siku ya Ijumaa, na Jumamosi yake tukala chakula cha mchana Mikumi. Kwenye kamati mimi nilikabidhiwa wageni. Kikao cha kwanza kabisa mjomba wetu mmoja alisimama akasema, "Watu wanaenda harusini, hawaendi kuwinda," na kikao kizima kikacheka. Maneno yale yaliniuma, na sitaficha kwamba bado yananiuma. Hifadhi hii ipo tangu mwaka 1964, ina ukubwa wa kilomita za mraba 3,230, ni mali yetu, na wengi wetu tunaijua kwa kuchungulia dirisha la basi tu. Kwa nini binti wa Kitanzania asisherehekee hapo? Nikaapa kwamba hakuna mgeni atakayesema hakuambiwa.

Jambo la kwanza kumwambia mgeni ni saa. La pili ni saa, na la tatu ni saa. Harusi zetu tunazijua: kadi inasema saa kumi na mbili jioni, maharusi wanaingia ukumbini saa tatu usiku, chakula saa tano. Mikumi, saa kumi na mbili jioni geti linafungwa, na usiku magari hayaruhusiwi kuzunguka hifadhini. Kwa hiyo sherehe ni ya mchana, hakuna namna nyingine. Kwenye kadi tuliandika kwa herufi kubwa: getini saa tatu asubuhi, chakula saa saba mchana, kuondoka saa kumi alasiri. Wiki ya mwisho nilirudia ujumbe huo kwenye kundi la WhatsApp kila siku, hadi shemeji mmoja akaniambia nawafanya watu wazima kama watoto wa shule. Sikuacha.

Wengi walifika kwa wakati. Gari moja liliondoka Dar saa nne asubuhi, kama vile linakwenda ukumbi wa Sinza. Kutoka Dar hadi Mikumi ni takriban kilomita 300, na foleni ya kutokea mjini peke yake inakula asubuhi yako. Walifika wakati sisi tunafungasha. Mmoja wao hapokei simu zangu mpaka leo, anasema nilimnyima harusi ya mtoto wake. Inaniumiza, lakini ujumbe ninao, na aliusoma.

Jambo jingine ni kiingilio, na hapa ndipo maneno mengi hutokea. Barabara kuu ya kwenda Iringa inakatiza hifadhi kwa kilomita 50 hivi, na yeyote aliyepanda basi la Mbeya amewaona swala, twiga na hata tembo bila kutoa senti. Ndiyo maana shangazi zangu walishangaa: tulipe nini wakati tumepita hapo maisha yetu yote? Waeleze mapema kwamba kupita barabarani ni bure, lakini ukikunja kuingia getini unalipia, wewe pamoja na gari lako. Usitegemee kutoa noti pale. Malipo hufanyika kwa namba ya malipo ya serikali, kupitia simu, benki au kadi. Sisi tulikusanya majina ya wageni mapema na kamati ikalipa kwa pamoja, tukaweka watu kwenye Coaster badala ya msururu wa magari madogo. Watoto walio chini ya miaka mitano hawalipi. Kibali kina muda wake maalumu, kwa hiyo anayelala ndani apige hesabu yake.

Kila mtu abebe kitambulisho chake, cha NIDA au pasi. Raia wa Afrika Mashariki analipa kiasi kidogo, mgeni kutoka nje analipa mara nyingi zaidi. Tuna binamu yetu aliyezaliwa Kilosa, akachukua uraia wa Ulaya. Sheria yetu hairuhusu uraia pacha, hivyo getini yeye ni mgeni, hata akizungumza Kiswahili cha Kilosa kitupu. Nilimpigia simu miezi kabla, nikamweleza taratibu, akajiandaa, hakuaibika mbele ya watu. Ndugu anastahili kuambiwa jambo la namna hiyo faraghani na mapema.

Sasa sare. Kamati ilikuwa imeshachagua kitenge cha bluu iliyokolea, na wanaume suti nyeusi. Nilikataa katakata. Mbung'o wanavutwa na bluu na nyeusi, ndiyo maana hata mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo, na wanauma hasa. Shangazi mkubwa alinuna, akasema nimeharibu harusi kwa ajili ya nzi. Tukaenda na kitenge cha rangi ya udongo na kijani kibichi kilichopauka, na picha zake ninyi wenyewe mmeziona. Viatu viwe vya chini. Visigino virefu mtu aviache hotelini.

Waambie pia kwamba hakuna kushuka kwenye gari popote unapojisikia kupiga picha, hata kama tembo yuko mbali. Kuna sehemu maalumu za kushukia, kama kwenye bwawa la viboko. Hakuna kumpa nyani keki. Hakuna mifuko ya plastiki, iliyopigwa marufuku nchi nzima tangu Juni 2019, kwa hiyo zawadi zisifungwe kwa nailoni. Mpiga picha anayetaka kurusha droni aombe kibali, na kamati imwandikie mkuu wa hifadhi kuhusu sherehe yenyewe mapema iwezekanavyo. Muziki wetu ulikuwa wa chini. Wenye hamu ya kucheza walihamia mji wa Mikumi, nje ya hifadhi, tukakesha huko.

Anayetoka Dar bila gari apande treni ya SGR hadi Morogoro, alale hapo, asubuhi Coaster imchukue. Kutoka Morogoro ni kama kilomita 100. Anayeendesha mwenyewe asikimbie kwenye ile barabara ya hifadhini: kuna matuta, na kuna faini kwa kila mnyama atakayegongwa. Anayetoka Kenya, Uganda au Congo aje na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Kila mmoja abebe dawa ya kufukuza mbu.

Mwezi wa nane mmefanya vyema kuuchagua. Machi hadi Mei ni masika, na udongo mweusi wa uwanda wa Mkata ukilowa gari linaweza kulala hapohapo. Agosti ni kukavu, wanyama wanasogea kwenye maji, ila asubuhi kuna baridi, wazee wavae sweta. Bibi zetu tuliwaweka viti vya mbele, na kila mmoja alipewa kijana wa kumshika mkono hadi chooni.

Nitakutumia ujumbe wetu wa wageni kama ulivyokuwa. Badilisha majina na tarehe. Saa usiziguse.