Umefupisha, Hujachambua

SWALI: Ndugu Mhariri, nasoma mwaka wa pili hapa Dodoma. Tulipewa insha ya kuchambua sura inayohusu mali katika andiko la pili la John Locke, mwanafalsafa wa Kiingereza wa karne ya 17, juu ya serikali. Nimeisoma mara tatu, nikaandika yote aliyosema, insha ikarudi na wino mwekundu: "Umefupisha, hujachambua." Nianzie wapi?
Mwanafunzi, Dodoma

JIBU: Ndugu mwanafunzi, kufupisha ni kueleza mwandishi kasema nini. Kuchambua ni kuonyesha dai lake limesimama juu ya nini, na ni nguzo gani ikiondolewa litaanguka.

Sura hiyo, ya tano, ina vifungu 27, kuanzia cha 25 hadi cha 51. Nukuu kwa namba ya kifungu, maana ukurasa wa fotokopi yako si ukurasa wa mhadhiri. Gawa karatasi safu tatu: dai, sababu, sharti. Pitia vifungu vya 25 hadi 38, kila kimoja sentensi moja kwa maneno yako. Usikopi, ukikopi utajidanganya kuwa umeelewa.

Safu mbili za kwanza hujaa haraka. Mungu amewapa wanadamu dunia kwa pamoja (25). Kila mtu anamiliki nafsi yake na kazi ya mikono yake, hivyo kitu alichokichanganya na kazi yake huwa chake (27). Safu ya tatu ndiyo wanafunzi huiacha tupu, na insha yako imo humo. Masharti ni mawili: wengine wabakiziwe cha kutosha na chenye ubora uleule (27), na mtu asichukue zaidi ya anachoweza kutumia kabla hakijaharibika (31).

Sasa nenda vifungu vya 46 hadi 50, uone masharti hayo yanafanyiwa nini. Pesa inaingia. Dhahabu haiozi, basi anayelimbikiza dhahabu haozeshi kitu. Na kwa kuwa watu wameridhia kuitumia, Locke anasema wameridhia pia umiliki usio sawa. Sharti la pili limekwepwa bila kufutwa. Na lile la kwanza? Jibu lake liko nyuma, kifungu cha 37: anayezungushia ua ekari kumi na kuzilima akapata mazao ya ekari mia za pori, ni kama amewapa wanadamu ekari tisini. Muulize Locke hivi: aliyekosa shamba amefidiwa nini hasa, ardhi au nafasi ya kununua mazao? Aya mbili nzuri za insha zinatoka hapo.

Kisha jaribu hoja kwa ardhi unayoijua. Kifungu cha 38 kinamtaja Abrahamu akizunguka na mifugo yake, na Locke anahitimisha kwamba sehemu kubwa ya nchi ile ilikuwa bado ya wote. Mfugaji basi anamiliki ng'ombe, lakini malisho hayamiliki. Mgogo wa Bahi atakubali? Na Kongwa, mradi wa karanga wa serikali ya Uingereza ulianza mwaka 1947 kwa kung'oa vichaka, ukashindwa na ukame na udongo unaokakamaa kama saruji, ukaachwa mwaka 1951. Mfano huu haumwangushi Locke. Unafichua tu alichokichukulia kuwa wazi, kwamba kulima huongeza mazao siku zote. Mwingine wa kumweka kando yake ni Nyerere katika "Mali ya Taifa" ya mwaka 1958: naye anaanza na jasho la anayefyeka shamba, lakini anaishia kwamba haki hudumu maadamu mtu anaendelea kulitumia.

Makosa mawili ya kuepuka. Kwanza, kumshambulia mtu badala ya hoja. Ni kweli Locke aliwekeza katika kampuni iliyofanya biashara ya watumwa. Hilo linastahili kutajwa, ila halijibu kifungu cha 27. Pili, kudai aliandika kutetea mapinduzi ya 1688 yaliyomwondoa mfalme wa Uingereza kwa sababu kitabu kilitoka mwaka 1689. Mwanahistoria Peter Laslett ameonyesha kuwa sehemu kubwa iliandikwa miaka kadhaa kabla.

SWALI: Nianze na wafafanuzi au kitabu chenyewe?
Msomaji, Singida

JIBU: Kitabu. Ukianza na wafafanuzi utakutana na Locke aliyekwisha kutafunwa. Angalia kifungu cha 28, panapotajwa mabonge ya udongo wenye nyasi aliyokata mtumishi wangu kuwa ni yangu. Mfafanuzi C. B. Macpherson mwaka 1962 aliona humo kibarua wa mshahara. Mwenzake James Tully mwaka 1980 alimpinga. Andika kwanza unavyoelewa wewe, tarehe pembeni, ndipo uwafungue hao wawili. Anayestahili kusomwa kabla ni mtu mmoja tu, Robert Filmer, mtetezi wa mamlaka ya wafalme ambaye Locke alikuwa akimjibu, kwa muhtasari: alifundisha kwamba Mungu alimpa Adamu dunia peke yake. Bila hilo huwezi kujua kwa nini Locke anaanza na "kwa pamoja".