Kiti cha baiskeli kwa mwanamke anayeendesha kwa mkao wa aero

Ganzi sehemu za siri si kitu cha kuzoea. Naanza na hilo kwa sababu wengi wetu tukilalamika huambiwa, "endelea tu, utazoea." Makalio huzoea kiti kipya, kweli. Lakini neva inayobanwa haizoei, wala mashavu ya uke yanayovimba kila baada ya mazoezi. Hannah Dines, mwendesha baiskeli wa Uingereza aliyeshiriki Paralimpiki ya Rio, alieleza hadharani mwaka 2019 jinsi uvimbe uliotokana na kiti ulivyomfikisha kwenye upasuaji.

Ukikaa wima, uzito hubebwa na mifupa miwili ya makalio, ile unayoisikia ukikalia ubao. Ukiingia mkao wa aero, yaani kuinama ili kukata upepo na kuegemeza viwiko kwenye vishikio vya mbele, nyonga huzunguka kwenda mbele, mifupa hiyo hunyanyuka, na sehemu kubwa ya mzigo huhamia kwenye mifupa ya kinena pamoja na nyama laini iliyo katikati yake. Kwa hiyo kile kipimo cha kukalisha mtu kwenye sponji ili kujua umbali wa mifupa ya makalio hakikufikishi mbali. Kinakupa upana wa nyuma ya kiti, na wewe unakalia mbele.

Angalia pua ya kiti, yaani ncha yake ya mbele. Mimi nilipata nafuu kwenye kiti kifupi chenye pua iliyopasuliwa, mfano wa vile vya kampuni ya ISM: pembe mbili zinabeba mifupa ya kinena, katikati pako wazi. Si dawa ya kila mtu. Mwenye mapaja yanayopita karibu karibu ataona pembe hizo ni pana, zitamchubua. Na kuna wanaoumizwa na kingo za tundu lenyewe, nyama inazama ndani na kukatwa pembeni. Hao huenda wakapendelea aina ya Mimic ya kampuni ya Specialized, ambayo pale katikati imejazwa sponji laini badala ya kuachwa wazi. Viti vinene vya jeli vipite tu. Vinabonyea chini ya mifupa na kuvimba katikati, yaani palepale usipotaka kuguswa.

Kabla hujalaani kiti, shika spana. Weka pimamaji juu yake, kisha inamisha pua digrii moja, jaribu, ongeza nyingine. UCI, shirikisho la kimataifa la mbio za baiskeli, wanaruhusu hadi digrii 9 kwenye mashindano yao, ila ukizidisha utakuwa unateleza mbele na kujisukuma nyuma kwa mikono, na mabega ndiyo yatakayolia. Kimo nacho huleta balaa: kiti kikiwa juu mno, nyonga huyumba kushoto na kulia kufuata pedali, na kila kuyumba ni msuguano. Ukiona mchubuko uko upande mmoja tu, anza kushuku hapo. Kiti chenye pua iliyopasuliwa hukaliwa mbele zaidi, kwa hiyo kisukume nyuma kwenye reli zake, la sivyo utajikuta umesogea mbele kuliko ulivyokuwa na kile cha zamani. Badilisha kitu kimoja kwa wakati, na uweke alama ya utepe kwenye bomba la kiti ili uweze kurudi.

Bukta ya baiskeli haivaliwi na chupi. Mishono ya chupi inatosha kukuharibia siku. Mafuta ya kuzuia michubuko paka kwenye ngozi, si kwenye pedi ya bukta peke yake. Kunyoa kote, binafsi niliacha. Nywele hupunguza msuguano na vipele.

Kiti ukijaribie kwenye baiskeli iliyofungwa kwenye stendi ya mazoezi ya ndani, ukiwa umelala kwenye aero kweli, si kwa kuzunguka kidogo nje ya duka ukiwa umekaa wima. Ndani hakuna kona wala breki za kukufanya unyanyuke, kwa hiyo tatizo hujitokeza mapema. Ganzi ikianza hapo, rudisha kiti kingali kipya.