Mtoto mchanga mwenye sepsisi asiyepata homa

SWALI: Mimi ni mkunga katika zahanati moja wilayani Newala. Hivi karibuni nilimpa rufaa mtoto wa siku 4 ambaye mama yake alisema ameacha kunyonya tangu alfajiri. Kipimajoto kilionyesha nyuzi 35.2. Hospitalini alitibiwa sepsisi, yaani maambukizi makali yaliyoenea mwilini, ingawa chembe nyeupe za damu zilikuwa chache na kipimo cha kwanza cha CRP, protini ya damu inayopanda mwili unapopambana na maambukizi, kilikuwa cha kawaida. Mwenzangu anasema watoto wachanga hawana kinga, ndiyo maana hawapandi homa. Kama hawana kinga, mbona tunafundishwa kwamba kinga ya mtoto mwenyewe ndiyo inayomdhuru?

JIBU: Dada mkunga, rufaa yako ilikuwa sahihi kabisa, na majibu yale ya maabara hayakupaswa kumtuliza mtu yeyote. Mtoto mchanga anayo kinga, ila imepangwa kwa namna nyingine. Akiwa tumboni, mwili wake ulilazimika kuishi kwa amani na mwili wa mama, ambao kwa sehemu ni mgeni kwake; na mara anapozaliwa, ngozi na utumbo wake hupokea mamilioni ya bakteria ambao wengi wao si adui. Kinga ambayo ingeshambulia kila kigeni ingemwangamiza. Kwa hiyo chembe zake za ulinzi, zinapokutana na bakteria, hutoa kwa uchache zile saitokini (protini ambazo chembe hutumia kupashana habari) zinazochochea mapambano, kama TNF, na hutoa kwa wepesi zaidi zile zinazoyazuia, kama interlukini ya 10. Kingamwili za IgG, protini zinazotambua vijidudu, alizonazo ni za mama, na nyingi hupita kwenye kondo la nyuma katika miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito, jambo linalomfanya njiti azaliwe na akiba ndogo.

Sasa tuje kwenye chembe nyeupe, kwa sababu hapa ndipo wengi hukosea. Nyutrofili, aina mojawapo ya chembe hizo, ndizo zinazotangulia kufika penye bakteria na kuwameza. Kwa mtu mzima, uboho wa mifupa una ghala kubwa la nyutrofili zilizokomaa. Kwa mtoto mchanga ghala hilo ni dogo, na uboho wake hauwezi kuongeza uzalishaji kwa kasi inayotakiwa. Maambukizi yakiwa makali, ghala huisha ndani ya muda mfupi, zikaanza kutoka chembe changa ambazo hazijakomaa, kisha idadi ikashuka. Kwa hiyo idadi ndogo katika siku hizi za mwanzo hunitia hofu kuliko idadi kubwa.

CRP nayo hutengenezwa na ini baada ya kupokea amri ya saitokini nyingine, interlukini ya 6, na huchukua takribani saa 6 hadi 12 kupanda kiasi cha kuonekana. Sampuli iliyochukuliwa mapema mno haina budi kuonekana safi. Ndiyo maana hurudiwa baada ya saa 24, wakati dawa zimekwisha kuanza.

Kuhusu madhara, fikiria bakteria wanaoendelea kuongezeka kwa sababu hawakuzuiwa mapema. Hatimaye sumu zao huamsha inflamesheni, yaani mwitikio wa kinga unaoleta uvimbe na joto, ya mwili mzima, si ya mahali pamoja. Mishipa midogo ya damu hutanuka na kuvujisha maji, shinikizo la damu hushuka, damu huganda ovyo ndani ya mishipa huku chembe sahani, zile za kugandisha damu, zikipungua, na ubongo wa njiti, hasa ile sehemu nyeupe inayoendelea kujengwa, huumizwa na saitokini hata pale ambapo bakteria hawakuufikia. Kinga hiyo imechelewa kuanza, na ikishaanza haijui kujizuia. Kauli mbili ulizozisikia zinakutana hapo.

Homa ni kazi inayotaka nguvu nyingi. Mtoto mchanga hatetemeki ili kupata joto. Hutegemea mafuta ya kahawia, mafuta maalumu mwilini mwake yanayochomwa ili kutoa joto, ambayo yanahitaji oksijeni na sukari. Mwenye sepsisi amepungukiwa vyote viwili, hivyo joto hushuka badala ya kupanda. Najua kwamba huko juu, Newala, usiku wa Juni na Julai una baridi, na mtoto mzima wa afya anaweza kupoa kwa sababu tu hakufunikwa vizuri. Lakini yule aliyepozwa na hewa huchangamka na kunyonya akipata joto kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi. Aliyeacha kunyonya, anayepumua mara 60 au zaidi kwa dakika, anayebonyea kifua, aliyepata degedege au asiyejongea mpaka aguswe, usimsubirie apate joto kwanza: mpe dozi ya kwanza ya ampisilini na jentamaisini kabla ya safari, mwambie mama amkamulie maziwa kama bado anaweza kumeza, na asafiri akiwa kifuani kwake mpaka hospitalini. Kwenye karatasi ya rufaa andika pia chupa ilipasuka saa ngapi kabla ya kujifungua na kama mama alikuwa na homa, kwa sababu daktari atakayempokea hawezi kuyapata hayo kwenye damu ya mtoto.