Kabla ya Kisu, Uliza Ni Mkono wa Nani

Baba yangu alianza kuona damu chooni mwezi wa Ramadhani. Nyumbani sote tulisema ni bawasiri. Akapewa mizizi, akapewa muarubaini, miezi ikapita. Ilipokuja kujulikana kuwa ni saratani ya puru, yaani ile sehemu ya mwisho kabisa ya utumbo mpana, haraka ikatushika. Tulipata hospitali moja ya Pwani iliyokuwa tayari kumpasua wiki ile ile, tukashukuru. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza nani atashika kisu. Baada ya mwaka na nusu uvimbe ulirudi pale pale ulipotolewa, ndani ya nyonga. Maumivu yale sitayaeleza hapa.

Niliyojifunza baadaye nayaandika kwa wenye wagonjwa Lamu na Malindi, ili nyinyi mjue mapema kuliko mimi.

Puru imekaa ndani ya nyonga, mahali pembamba, na kwa mwanamume pembamba zaidi. Mbele yake kuna kibofu na tezi dume, au kwa mwanamke kuna kizazi. Kandoni hupita neva zinazotawala mkojo na tendo la ndoa. Puru yenyewe imezungukwa na mafuta, na ndani ya mafuta hayo mna vitezi ambavyo saratani huvikimbilia mwanzo. Yote hayo yamefungwa na utando mwembamba sana. Mpasuaji aliyefundishwa kazi hii hupita nje ya utando huo polepole, akiona kila anapokata, mpaka aitoe puru na mafuta yake kama kifurushi kisichochanika. Asiyezoea hutumbukiza mkono na kubandua kwa vidole. Kifurushi hupasuka, chembe za saratani zikabaki nyuma, na neva nazo zikakatika.

Mpasuaji wa Uingereza, Bill Heald wa mji wa Basingstoke, aliandika juu ya mafuta hayo mwaka 1982, akieleza kuwa ndiyo siri ya saratani kurudi nyongani. Katika miaka ya 1990 alikwenda Stockholm, Uswidi, kuwafundisha wapasuaji wa huko. Kabla ya mafunzo, kati ya wagonjwa 100, kama 15 hivi walirudiwa na uvimbe pale pale. Baada ya mafunzo walikuwa 6. Wagonjwa waliotolewa puru yote na njia ya haja, wakabaki na mfuko wa kupokea choo tumboni maisha yao yote, walikuwa zaidi ya nusu, wakashuka mpaka 27 kwa 100. Nilipozisoma namba hizo mara ya kwanza nililia, maana kilichobadilika zaidi pale ni namna ya kupasua.

Mionzi nayo ina nafasi yake. Utafiti wa Uholanzi uliotoka mwaka 2001, wenye wagonjwa zaidi ya 1,800, ulionyesha kuwa waliopasuliwa kwa njia hii pekee walirudiwa 8.2 kwa 100 ndani ya miaka miwili. Waliotanguliziwa siku tano za mionzi walikuwa 2.4. Kwa hiyo ukiambiwa mgonjwa apasuliwe kesho kabla hajapigwa picha ya MRI ya nyonga, simama kidogo. Picha hiyo ndiyo inayoonyesha uvimbe umefika wapi na kama mionzi inahitajika kwanza. Wiki mbili tatu za kupima vizuri si uzembe. Uzembe ulikuwa ile miezi yetu ya muarubaini.

Shemeji yangu, naye alipopatikana na saratani ya puru, akaja barazani kwetu na makaratasi yake, nilimwambia hivi. Mtu wa Lamu akitaka jahazi huenda Matondoni, akauliza fundi ameunda mangapi, na yale aliyounda yanavuja au hayavuji. Basi na mwili wako uuulizie. Tukaenda pamoja kwa daktari, nikasema kwa adabu: "Samahani daktari, upasuaji huu wa puru wewe mwenyewe huufanya mara ngapi kwa mwaka?" Hakukasirika. Alisema mara mbili, pengine tatu, kisha akatuandikia barua ya kwenda kwa bingwa anayeufanya kila mwezi. Mpaka leo namuombea dua.

Mvi za daktari zisikutoshe. Mtu anaweza kuwa amepasua kwa miaka 30, vidole tumbo na ngiri na wajawazito, na puru akawa ameigusa mara chache tu. Uliza pia ni wagonjwa wangapi mshono wa utumbo umewavuja, maana hilo huwapata hata mabingwa na anayefuatilia kazi yake atakujibu. Uliza kama kesi hujadiliwa na daktari wa mionzi na wa picha kabla ya kisu, na kama kuna muuguzi wa kumfundisha mgonjwa kuvaa mfuko. Kama utumbo umeziba na hali ni ya dharura, mgonjwa afunguliwe kwanza tundu tumboni la kupitishia choo hapo hapo mlipo, aokoke. Uvimbe wenyewe unaweza kungoja bingwa.

Najua safari ni nzito. Boti hadi Mokowe, basi kupitia Witu, Garsen na Malindi mpaka Mombasa, na wengine mpaka Nairobi, kisha kulala kwa jamaa na kuhesabu shilingi. Sisi tulichangishana mtaani, na hatukuona aibu. Gharama ya kupasuliwa mara ya pili tulikwisha kuijua kwa baba.

Baada ya upasuaji dai ripoti ya maabara, uisome. Angalia ukingo wa pembeni wa kile kilichotolewa: saratani ikiwa milimita 1 au chini kutoka ukingoni, hatari ya kurudi ni kubwa na lazima muulize kinachofuata. Angalia vitezi vilivyopimwa, kwa kawaida hutakiwa visipungue 12. Angalia kama wameandika kuwa utando ulitoka mzima. Ya baba haikuwa na neno lolote juu ya ukingo, wala sisi hatukujua la kutafuta.

Ya shemeji imeandika milimita 6, vitezi 17, utando mzima. Anaihifadhi ndani ya mfuko wa nailoni kwa ajili ya maji ya boti, na mwezi ujao atavuka nayo tena Mokowe kwenda kupimwa.