Kujua kama ni tetemeko kweli ukiwa Tabora
Ndugu uliyeuliza kama kilichotikisa mabati usiku huko Ipuli ni tetemeko, ingia tovuti ya USGS (shirika la Marekani linalofuatilia matetemeko) fungua ramani ya matetemeko, weka siku 7 na ukubwa wote, halafu kagua hasa upande wa Ziwa Tanganyika maana Tabora imekaa juu ya mwamba mkongwe uliotulia, mtikisiko mara nyingi unatokea kwenye bonde la ufa, kama lile la Desemba 2005 la 6.8 kule ziwani. Saa zao ni UTC (saa za kimataifa), ongeza masaa 3 upate saa zetu. Ila madogo ya chini ya 4 mengi hayaonekani kwenye ramani hiyo, vituo vya kupima huku kwetu vichache, so ramani ikiwa tupu bado jaza ile fomu yao ya waliohisi mtikisiko, tafadhali jaza, inasaidia sana.