Chatu amejaa tumbo, na msimu wa kupandana umeshapita

SWALI: Shikamoo daktari. Nina chatu jike wa Afrika Magharibi, Python regius, mwenye miaka 5. Dume nilimtenga naye miezi 7 iliyopita. Sasa tumbo limejaa, wiki ya sita hii hagusi panya, na kutwa anajiviringisha kwenye bakuli la maji. Msimu wa kupandana umeshapita. Ni mayai au ni ugonjwa?

JIBU: Marahaba. Kalenda iweke kando. Nyoka wa kizimbani hajui huu ni mwezi gani. Anachokijua ni joto, unyevu na shibe. Wapo wafugaji wanaoshusha joto la usiku makusudi ili kuamsha uzazi, na hita inayosuasua inaweza kukufanyia kazi hiyohiyo bila wewe kujua.

Miezi 7 nayo si hoja. Jike huweza kutunza mbegu za dume mwilini miezi mingi, akazitumia mayai yakipevuka. Hata dume si lazima: mwaka 2020, chatu wa aina hiyo katika bustani ya wanyama ya Saint Louis, Marekani, alitaga mayai 7 ilhali hakuwa amekaribiana na dume kwa zaidi ya miaka 15.

Kwa hiyo nashuku mayai, ila sikuhakikishii. Choo kilichokwama na uvimbe wa ndani pia hujaza tumbo. Je, uliwahi kumwona amevimba ghafla katikati ya mwili, kama aliyemeza windo kubwa, kisha kesho yake akanywea? Basi mayai yalipevuka siku hiyo. Wiki tatu hivi baadaye hujivua gamba, na hutaga takriban siku 30 baada ya gamba hilo. Tarehe ya gamba iandike, tutaihitaji. Kama hukuona lolote, ultrasaundi itamaliza ubishi.

Tafadhali usimminye kutafuta mayai! Yanaweza kupasukia ndani. Wala usimlishe kwa nguvu. Jike mwenye mayai kususa ni kawaida yake. Mpe sanduku la kujificha lenye unyevu, basi.

Akijikamua bila kutoa kitu, au akitaga machache huku mengine yakionekana yamebaki, mpeleke kwa daktari siku hiyohiyo. Akitaga salama, weka alama ya penseli juu ya kila yai kabla ya kulihamisha, usiligeuze. Yale madogo ya manjano hayana kitu.