Shanghai haihami: wikendi zenu za kwanza Nanjing

Wadogo zangu mnaokuja kusoma Nanjing, hapa China, mwezi wa tisa, nawajua. Masanduku hayajafunguliwa bwenini, tayari kuna mtu kwenye kundi la WeChat anauliza nauli ya Shanghai. Shanghai haihami. Kwa treni ya kasi ni saa moja na ushee. Ya polepole nayo ipo, kiti kigumu, chini ya yuan 50, ila inakula nusu siku. Anzeni na mji mliopangiwa, na sababu ya kwanza ni pasipoti.

Aliyeingia kwa viza ya X1, ile ya masomo ya muda mrefu, ana siku 30 za kuomba kibali cha ukaazi, na ombi likishughulikiwa pasipoti inabaki polisi. Unapewa stakabadhi. Itunze, maana ndiyo utakayoonyesha stesheni na hotelini. Hong Kong usiiguse kwanza: kwenda huko kunahesabiwa kuwa umetoka nchini, na viza ile ni ya kuingia mara moja tu. Ukilala kwa rafiki aliyepanga mtaani, unatakiwa kuandikishwa polisi ndani ya saa 24. Hotelini wanakuandikisha wao. Tiketi ya treni nayo iandikwe majina yote kama yalivyo kwenye pasipoti, hata lile la babu usilolitumia.

Halafu kuna bumu. Udhamini wa serikali ya China unatoa yuan 2,500 kwa mwezi kwa shahada ya kwanza na 3,000 kwa uzamili. Ukiendekeza hoteli za Shanghai, tarehe ishirini utakuwa unakula tambi za pakiti. Nanjing unaweza kushinda nje kutwa kwa nauli ya metro na chakula tu. Ziwa Xuanwu ni bure. Kaburi la Sun Yat-sen, mwasisi wa Jamhuri ya China, lenye ngazi 392, ni bure pia, ila uweke nafasi kwa simu kabla, na Jumatatu limefungwa. Beba tishu, vyoo vingi vya umma havina.

Lakini kama una Jumamosi moja tu, mimi ningekupeleka mlima Niushou, wilaya ya Jiangning, kwenye kaburi la Zheng He. Huyu ndiye Mwislamu wa jimbo la Yunnan aliyeongoza safari saba za majini kati ya 1405 na 1433, na merikebu zake zilifika mpaka pwani yetu. Twiga wa Malindi alifikishwa kwa mfalme wa China mwaka 1415, wakati Nanjing ndiyo mji mkuu. Kaburi lilijengwa upya mwaka 1985 kwa umbo la Kiislamu: ngazi 28 kwa mafungu ya saba saba, na juu yake maandishi ya Kiarabu. Wengi wanaamini mwili haumo. Sawa, nenda hivyo hivyo. Siku nyingine pitia bustani ya karakana ya merikebu zake, ambako mwaka 1957 ulichimbuliwa mti wa usukani wenye urefu wa zaidi ya mita 11. Nashangaa Waafrika Mashariki tunaomaliza miaka minne hapa bila kufika, na kila duka la viatu tunalijua.

Jumba la kumbukumbu ya mauaji ya 1937, jeshi la Japani lilipouteka mji huu na kuua raia, nalo ni lazima, ila liendee peke yake. Usilipange asubuhi halafu jioni sherehe ya kuzaliwa, na usipige selfi mle ndani. Tarehe 13 Desemba, saa nne asubuhi, kuwakumbuka waliouawa, ving'ora hulia mji mzima na magari husimama. Na wewe simama.

Chakula: huu ni mji wa bata. Bata wa chumvi ni mtamu. Ile supu maarufu ya tambi na bata ina damu yake iliyogandishwa, kwa hiyo Waislamu ulizeni kabla ya kuagiza. Vibanda vya tambi za Lanzhou ni vya halali na viko karibu kila mtaa.

Mtaani watu watataka kupiga picha na wewe. Ukiwa na moyo, simama. Ukichoka, kataa huku unatabasamu, hakuna atakayekufukuza.

Atatokea pia mtu wa kukuambia utumie Jumamosi kufundisha Kiingereza chekechea. Pesa yake inavutia, najua. Bila idhini ya chuo na polisi ni kazi haramu, na faini yake ni yuan 5,000 hadi 20,000. Piga hesabu hiyo ni bumu la miezi mingapi.

Mwisho, kalenda. China hurefusha sikukuu kwa kuhamisha siku za kazi, hivyo baadhi ya Jumamosi na Jumapili vipindi vinaendelea kama kawaida. Tarehe 1 hadi 7 Oktoba nchi nzima iko safarini. Tiketi hufunguliwa siku 15 kabla, na zile za saa nzuri huisha upesi. Wiki hiyo bakini Nanjing, mtoke saa moja asubuhi kabla ya umati. Na wikendi nyingine yoyote, kabla hujalipia tiketi, muulize Mchina wa darasani kwenu kama Jumapili hiyo ni ya mapumziko.